Huyo si boti, ni mtu asiyejua kucheza

Kazi yangu ni kupitia ripoti za wachezaji wa gemu za mtandaoni. Mtu analalamika, naangalia marudio ya mechi, naamua. Malalamiko yanayonifikia kila siku si ya matusi wala ya udanganyifu. Ni haya: "Timu yangu imejaa boti, zifungieni." Boti hapa ni programu ya kompyuta inayocheza kana kwamba ni mtu. Nafungua marudio, na mara nyingi namkuta binadamu mzima anayecheza vibaya mno. Basi niyaseme yote hapa, labda nitapumzika.

Dhana: Mtu hawezi kucheza vibaya kiasi hicho, lazima ni boti.

Anaweza. Tena anaweza kuliko boti yoyote, kwa sababu ubovu wa boti umepimwa na mtu aliyekaa kwenye kiti akaupangia kiwango. Boti ya kujazia mechi, ile ambayo gemu yenyewe huiweka palipokosekana mtu, inajua ulipo mpaka nukta, na ingeachiwa ingekupiga kichwani mara unapotokeza. Waundaji huifunga breki makusudi: huichelewesha kabla ya kufyatua, huipotosha shabaha, huiamuru ikose risasi za mwanzo. Kwa hiyo kukosa kwake kuna utaratibu.

Asiyejua hana utaratibu wowote. Mwangalie vizuri. Anatembea huku anatazama ardhi, kwa sababu bado hawezi kuongoza miguu na kamera kwa pamoja. Anasikia mlio kushoto, anageuka, anapitiliza, anarudi, adui ameshahama. Amefyatua risasi mbili tu, tayari anajaza upya. Anataka kuinama, anaruka. Anarusha bomu dirishani, linagonga fremu na kumrudia miguuni. Halafu anasimama kabisa mahali pa wazi, na hapo ndipo wenzake wanapomwita boti. Kumbe amefungua begi, anatafuta ipi kati ya zile picha ndogo ni dawa. Dakika kumi baadaye bomu lake la pili linapita dirishani bila kugusa kitu. Boti ya kujazia haipigi hatua kama hiyo: kosa la leo italirudia kesho, pembe ile ile.

Kinachoiumbua boti ni kwamba haisitisiti. Boti nyingi hutembea juu ya ramani ya siri ya maeneo yanayopitika, ndiyo maana hukata kona kwa namna moja na hukwama kwenye kizuizi kile kile kwa mtindo ule ule. Haichungulii mlango kabla ya kuingia. Haigeuki nyuma kwa woga. Hailipizi kisasi.

Ushauri wangu, nao nitausema mpaka mnichoke: msimpime mchezaji akiwa vitani. Vitani hata mkongwe huonekana kama mashine. Mtazameni wakati hakuna adui. Binadamu hajui kutulia. Anarukaruka, anazungusha kamera bure, anabadilisha bunduki bila sababu, anampiga mwenzake ngumi mgongoni. Dakika tatu za hapo zinanitosha kuliko jedwali zima la alama.

Na msijiamini mno. Katika shindano la BotPrize la mwaka 2012, waamuzi walicheza gemu ya risasi ya Unreal Tournament 2004 wakiwa na jukumu la kupambanua nani mtu na nani programu. Boti mbili, UT^2 ya timu ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na MirrorBot ya Mihai Polceanu, zilihukumiwa kuwa binadamu kwa zaidi ya asilimia 50. Binadamu wenyewe waliambulia wastani wa asilimia 40 na ushei. Hao walikuwa waamuzi wanaochunguza. Wewe umepoteza mechi, una hasira, na umemwona mwenzako kwa sekunde sita.

Dhana: Anakwenda kwa kustukastuka, anakimbilia ukuta, huyo ni mashine.

Huo ni mtandao wake. Seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mechi, hupokea na kutuma hali ya mchezo kwa vipande: ilikuwa mara 64 kwa sekunde kwenye seva rasmi za gemu ya CS:GO, na ni mara 128 kwenye Valorant. Yaliyo katikati, kifaa chako kinayakisia. Vipande vikipotea njiani, utamwona akijigonga ukutani kisha anatokea mita tano mbele, ilhali kwenye skrini yake alikuwa anapita mlangoni kwa amani. Boti ya kujazia kwa kawaida huendeshwa na seva yenyewe, haina intaneti ya kukatika. Kwa hiyo ushahidi mnaoniletea kwa bidii hivi ni wa upande wa pili.

Hata shabaha inayovutwa kuelekea adui kama sumaku si hoja. Anayecheza kwa pedi, kile kidhibiti cha kushika kwa mikono miwili, mara nyingi amepewa msaada wa kulenga na gemu yenyewe.

Jina lenye namba nyingi? Mifumo mingi humpachika mgeni jina la kubahatisha, naye halibadilishi. Boti nazo hupewa majina ya kawaida kabisa. Tuachane na majina.

Hajibu meseji? Amezima gumzo. Nikisoma mnayomwandikia, namwelewa.

Dhana: Lobi yangu yote, yaani wote niliopangwa nao kwenye mechi, ni boti.

Boti zipo, sikatai. Fortnite ilitangaza mwaka 2019 kwamba inaziingiza, PUBG ya kompyuta ikafuata mwaka 2020. Lengo lilikuwa wageni wasitupwe moja kwa moja mikononi mwa wakongwe na kufuta gemu siku ya kwanza. Maana yake utakutana nazo zaidi ukiwa bado wa chini. Anayenilalamikia akiwa ngazi za juu ana uwezekano mdogo zaidi wa kuwa sahihi, na ndiye anayeandika kwa herufi kubwa.

Dhana: Boti ni dhaifu, kwa hiyo anayenishinda ni mtu.

Aprili 2019 OpenAI Five, timu ya boti za kampuni ya OpenAI, iliwafunga OG, mabingwa wa dunia wa gemu ya Dota 2. Mei 2022 wachezaji wa gemu ya Team Fortress 2 walianzisha kampeni ya #SaveTF2 kwa sababu ya boti za wadunguaji zilizokuwa zikipiga vichwa mara tu mtu anapotokeza. Hizo zilikuwa zinaharibu gemu kweli, na hakuna aliyeziona dhaifu. Pia kuna zinazoachwa usiku kucha zikipandisha ngazi za akaunti ili ziuzwe. Za namna hiyo nileteeni, nitazifungia kwa furaha. Ila niandikieni dakika na mahali: "Dakika ya 4, karibu na ghala, amepita njia ile ile mara tatu bila kusimama." Nikipata sentensi kama hiyo, naanza kazi papo hapo.