Plagi aina G, C na F: tofauti yake si umbo tu

Aina za plagi na soketi duniani hutajwa kwa herufi, kuanzia A hadi O. A na B ni za Marekani, zenye pini bapa. C ni ile ya Ulaya yenye pini mbili nyembamba za mviringo. E ni ya Ufaransa na hutumika pia Burundi. F ni ya Ujerumani. G, yenye pini tatu nene za pembe nne, ni ya Uingereza, Kenya, Tanzania, Uganda, Oman na Falme za Kiarabu. Tanzania bado unaweza kukuta D pia, yenye pini tatu za mviringo, ambayo ndiyo ya India.

Herufi haikuambii volti. Inakuambia umbo, na nyuma ya umbo kuna namna nyumba ilivyofungwa nyaya.

Kiwango cha G, BS 1363, kilitoka Uingereza mwaka 1947, wakati shaba ilikuwa haba baada ya vita. Ili kubana matumizi ya waya, soketi nyingi ziliunganishwa kwenye mzunguko mmoja wenye kinga ya ampea 30 (siku hizi 32). Ampea hizo ni nyingi mno kwa waya mwembamba wa taa ya mezani, kwa hiyo fyuzi ikawekwa ndani ya plagi yenyewe: ya ampea 3 kwa vifaa visivyozidi takriban wati 700, ya ampea 13 kwa pasi na birika la umeme. Kuweka ya 13 kwenye feni kwa sababu dukani hakuna ya 3 ni kuiondolea feni kinga yake. Pini ya ethi, yaani ya waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ni ndefu kuliko mbili nyingine. Inatangulia kuingia na kufungua vifuniko vya matundu ya chini.

Ujerumani hakuna fyuzi kwenye plagi, kwa kuwa saketi breka (swichi inayokata umeme ukizidi) ya soketi kwa kawaida ni ampea 16, sawa na uwezo wa soketi ya F. Plagi nyembamba ya C imepangiwa ampea 2.5 tu: chaja, redio, taa.

Sasa ule mtindo wa kuchomeka kalamu kwenye tundu la ethi ili plagi ya pini mbili iingie. Kwanza, vifuniko vinabaki wazi, na mtoto ana vidole. Pili, pini za C zina unene wa milimita 4 na zimekaribiana kuliko matundu ya G, ambayo yako milimita 22 kutoka katikati hadi katikati, hivyo zinashika kwa upande, zinatoa cheche, plastiki inaungua. Pini za F ni milimita 4.8; zinapanua vyuma vya ndani, na baadaye hata plagi halali ya G inalegea. Tatu, waya mwembamba sasa umeachwa bila fyuzi. Na kama kifaa kina plagi ya F, kinakosa ethi kabisa: kikipiga shoti kwenye bodi, yaani ganda lake la nje, bodi inabaki na umeme. Adapta ya kununua ni yenye fyuzi na vyuma vya ethi vinavyogusa kweli; nyingi za bei ya chee zina pini ya ethi ya plastiki.

Adapta haibadilishi volti. Soma kibandiko: «100–240V, 50/60Hz» ni salama popote. Kikaushia nywele cha Marekani cha volti 120 na wati 1,200, kikichomekwa kwenye 240 za Kenya, kinavuta mkondo maradufu na kutoa joto la wati 4,800 mpaka kiungue. Transfoma inashusha volti, ila hezi (Hz, mara ambazo umeme hujirudia kwa sekunde) zinabaki 50. Friji ya Marekani ya zamani, iliyotengenezwa kwa hezi 60, mota yake itazunguka polepole kwa karibu moja ya sita na kupata joto. Kuiuza huko na kununua nyingine huku mara nyingi ni nafuu.