MAGAZIJUTO haisemi ujumlishe kabla ya kutoa

Kila muhula wazazi huniletea daftari lile lile, linalobadilika ni jina la mtoto tu. Swali: 10 − 4 + 3. Mtoto kaandika 3, nimempa kosa, na mzazi anataka maelezo. "Mwalimu, kwenye MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) si JU inakuja kabla ya TO? Hata sisi tulifundishwa hivyo." Ndiyo, mlifundishwa hivyo, na ndiyo maana naandika haya.

Dhana: kujumlisha hutangulia kutoa, daima.

Si kweli. MAGAZIJUTO ina ngazi tatu, si tano. Kwanza mabano. Kisha gawanya na zidisha, zikiwa na cheo kimoja. Mwisho jumlisha na toa, nazo cheo kimoja. Zenye cheo kimoja hufanywa kwa mfuatano wake, kutoka kushoto kwenda kulia. JU imetajwa kabla ya TO kwa sababu mdomo hautamki silabi mbili kwa mpigo, basi.

Anayeanza na 4 + 3 anapata 7, kisha 10 − 7 anapata 3. Maana yake ameitoa ile 3 ambayo swali limesema iongezwe. Mwenye duka ana shilingi 10,000 kwenye droo, analipa mzigo 4,000, mteja analeta 3,000. Droo ina 9,000. Mwambie ana 3,000 uone kama mtaelewana.

Kinachonikera ni jinsi kosa hili linavyojificha. Upande wa GA na ZI, kukimbilia kugawanya hakuharibu jibu: 24 ÷ 6 × 2 ni 8, na 12 × 6 ÷ 3 ni 24 hata ukianza na 6 ÷ 3. Mtoto anapata vema mstari mzima, anaamini silabi zimepangwa kwa ukubwa, halafu anakutana na 20 − 8 + 5 × 2. Anazidisha vizuri, 10, kisha anajumlisha 8 na 10, anatoa, anaandika 2. Jibu ni 22. Hapo mzazi ananiambia mtoto "hakuwa makini". Alikuwa makini sana, tena kafuata kanuni mbovu hatua kwa hatua!

Dawa yangu ni moja na siibadilishi: alama ni mali ya namba iliyo kulia kwake. Mtoto azungushie kila namba pamoja na alama yake: 10, kisha −4, kisha +3. Akishafanya hivyo, hata akitaka kuanza na kujumlisha aanze: 10 + 3 ni 13, toa 4, ni 9. Na kila hatua iwe na mstari wake. Sitaki kuona 10 − 4 = 6 + 3 = 9; tangu lini 10 − 4 ikawa sawa na 9?

Dhana: BODMAS ya sekondari ni kanuni mpya.

Ni ile ile kwa Kiingereza. Jambo la kuongeza ni vipeo, ambavyo MAGAZIJUTO haivitaji: hufuata mara tu baada ya mabano. Kwa hiyo 2 × 3² ni 18. Anayeandika 36 amezidisha kabla ya kipeo.

Dhana: ndani ya mabano unafanya upendavyo.

Ndani ya mabano utaratibu ni ule ule. (2 + 3 × 4) ni 14.

Dhana: kikokotoo hakikosei.

Bonyeza 2 + 3 × 4 kwenye kile kidogo cha dukani. Vingi vitakupa 20, kwa sababu hukokotoa kila unapobonyeza alama. Cha kisayansi kitasubiri na kukupa 14. Mtoto asiyejua utaratibu hawezi kujua kipi kinamdanganya.

Dhana: anayejua hesabu lazima ajue jibu la 6 ÷ 2(1 + 2).

Tafadhali msinitumie tena hili. Wanaopata 9 wamekwenda kushoto kwenda kulia; wanaopata 1 wameichukulia 2(1 + 2) kama kitu kimoja. Aliyeliandika ndiye mwenye kosa. Angetumia sehemu, yaani namba juu na namba chini ya mstari, au angeongeza jozi moja ya mabano, watu wangelala mapema.