Mbona China ina mkonge wake na bado inanunua wa Brazil?

Hapa Tanga swali hili huulizwa sana panapozungumzwa soko la katani, yaani nyuzi za mkonge. China inalima mkonge, tena chotara 11648 aliyezalishwa hapa hapa kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza. Sasa inunue wa Brazil, na wetu, kwa nini?

Kwa hekta, mashamba ya Guangxi, China, hutoa katani mara kadhaa ya yale ya Bahia, Brazil. Anayeishia hapo atasema Brazil imeshindwa. Faida linganishi, tangu mchumi David Ricardo alipoieleza mwaka 1817, huuliza hekta ile ingezaa nini kingine. Guangxi ndiko kitovu cha miwa ya China, na kibarua wa huko anaitwa na viwanda. Bara ya Bahia ni nyika kame: ng'oa mkonge, utabaki kufuga mbuzi. Basi kilo moja ya katani humnyima Mchina mengi kuliko Mbrazili, hata kama shamba lake ndilo bora.

Kupima faida hiyo, wengi tunatumia fahirisi ya mchumi Béla Balassa ya mwaka 1965. Tuseme bidhaa ni asilimia 2 ya mauzo ya nje ya nchi, na asilimia 0.5 ya mauzo ya dunia. Gawanya: 4. Ikizidi 1, nchi ina faida linganishi. Brazil huvuka 1 kwa mbali kwenye soya na madini ya chuma. China, kwenye simu. Ila 4 na 0.25 ni kinyume kamili, na kwenye grafu hazionekani hivyo. Toa 1 kwenye fahirisi, kisha ugawe kwa fahirisi uliyoijumlishia 1: utapata 0.6 na -0.6.

Panapowaponza watu ni namba za forodha, zile zinazotambulisha kila aina ya bidhaa kwenye takwimu za biashara. Katani ghafi ilikuwa 5304. Marekebisho ya namba hizo ya mwaka 2007 yaliifuta, ikaingizwa 5305 pamoja na nyuzi za makumbi ya nazi na abaka (nyuzi za mmea wa jamii ya mgomba). Ukivuta takwimu za 5304 peke yake, utadhani mkonge umekufa ghafla. Ukivuta 5305, umebeba na minazi ya watu. Kamba nazo ziko 5607, kwa hiyo nchi inayosokota kabla ya kuuza huonekana imefilisika katani. (Wanasiasa hupenda kosa hili.)

Bei nayo hudanganya. Madini ya chuma yakipanda bei, sehemu yake kwenye mauzo ya Brazil hupanda bila tani moja kuongezeka, na fahirisi ya soya hushuka bila mkulima kukosea kitu. Mimi huchukua wastani wa miaka 3, na tani naziweka safu ya pembeni.