Alumini si silva ya geti

Nimeulizwa tena. Safari hii ni kijana wa Nyegezi, aliyeitazama modeli yangu ya ndege ya Dakota, ya kipimo cha 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), akasahau hata shikamoo: "Mzee, mbona hujaimalizia? Haing'ai!"

Imeisha, mwanangu.

Sijui nani aliwaambia watu kwamba ndege isiyopakwa rangi lazima ing'ae kama kioo, na kwamba dawa yake ni kopo la silva la kupulizia mageti. Silva ile ina chembe zinazoonekana kwa macho. Chukua chembe ya milimita 0.05, ikuze mara 72: milimita 3.6. Nionyeshe bati la ndege lenye punje za ukubwa huo.

Maandalizi nayapita haraka. Msasa wa maji wa 2000 kwenda juu, praima, rangi nyeusi ya kung'aa, kisha Alclad II, laka ya metali ya modeli, kwa eabrashi (bomba dogo la kupulizia rangi), tabaka nyembamba, presha ya hewa psi 15 hivi. Rangi hizi hazifichi kitu: mkwaruzo ulioupuuza kwenye plastiki utakusalimia mwishoni. Masika, hewa ya ziwa ikiwa nzito, laka huota ukungu mweupe. Subiri siku kavu. Na usipulizie nyeusi jioni wale wadudu wa ziwani wanapopaa kama moshi. Wataganda humo wote.

Sasa tuje kwenye bati lenyewe. Bati la ndege za aina hii kwa kawaida ni durali, yaani aloi ngumu ya alumini, iliyovikwa alumini safi, na alumini ikikaa hewani hufifia. Tazama sufuria mpya dukani, halafu tazama iliyokaa jikoni mwaka mzima. Metali ni ile ile. Tena paneli hazipokei mwanga sawasawa: hii bati lake lilikatwa kwa kufuata mkondo mwingine, ile ilibadilishwa karakana, ya karibu na ekzosi imeungua ikawa ya kahawia. Kwa hiyo naziba kwa tepu paneli moja moja, naongeza tone la giza hapa, tone la weupe pale. Kazi ya kuchosha, ndiyo.

Linaloniudhi zaidi ni hili: si kila kilicho cha rangi ya fedha ni bati tupu. DC-3, zile Dakota za enzi za East African Airways, zina eileroni (vibao vya kuongozea vya mabawani), elevata (vya mkiani) na usukani wa mkiani vya kitambaa. Kitambaa! Kimepakwa rangi ya alumini, hakiwezi kuakisi kama bati. P-51 Mustang, ndege ya kivita ya Marekani, ndiyo mtego mkubwa: bodi lake bati tupu, lakini mabawa yalizibwa viungo kwa puti kiwandani, yakalainishwa, yakapakwa rangi ya fedha. Halafu mtu ananiletea Mustang ya mabawa ya kioo na riveti zote zinahesabika, wakati puti ilizificha, anataka pongezi.

Hata mimi nina mashaka. Picha za zamani zilizopigwa siku ya mawingu huonyesha paneli zinazokaribia kufanana kabisa. Huenda sisi mafundi wa modeli tunazidisha tofauti hizo kwa sababu tumezoea kuzisifia kwa wenzetu. Nimeanza kupunguza.

Vanishi? Ikipita juu ya Alclad huua ule ubaridi wa metali, hata ya kung'aa. Mimi naipitisha juu ya stika tu, kwa brashi ndogo. Kwingine naacha wazi, na modeli naishika kwa glavu.