Virusi havionekani, sawa, ila presha umepima lini?

Habari zenu ndugu zangu wa Dodoma na kanda ya kati. Mimi ni daktari wa magonjwa ya moyo, leo naomba niongee na nyie mnaotumia ARV, dawa za VVU, na nyie mnaoishi nao nyumbani, maana kuna mgonjwa wa aina moja tunamuona sana kliniki na habari yake haisemwi vya kutosha. Anakuja kavimba miguu, usiku halali kitandani anakesha kwenye kochi kwa sababu akijilaza tu pumzi inakata, ukipima presha unakuta 190 kwa 115, ukimuuliza anakwambia mimi sijawahi kuambiwa nina presha. Sasa fungua kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya VVU. Safi kabisa! Tarehe zote kahudhuria, dawa anameza, wingi wa virusi uko chini ya 50, yaani havionekani kwenye kipimo, miaka na miaka. Yaani huyu kafanya kila alichoagizwa, ila upande wa moyo hakuna aliyemwagiza kitu.

Tukumbuke tumetoka wapi. Dawa za bure nchini zilianza kutolewa 2004, na wakati ule kazi ilikuwa moja tu, mtu asife na TB au homa ya uti wa mgongo, nani alikuwa na muda wa kuuliza kolesteroli ya mtu mwenye kilo 38? Aliyeanza dawa kipindi kile akiwa na miaka 35 leo anakaribia 60. Na utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 umeonyesha watu wazima wenye VVU ni kama asilimia 4.4, na kati ya wanaotumia dawa zaidi ya asilimia 94 virusi vyao vimefubaa. Hayo ni mafanikio makubwa sana tusiyabeze. Lakini maana yake ni kwamba sasa tuna watu wengi wanaozeeka na VVU, na kwa mwenye VVU mambo ya moyo yanawahi kuliko jirani yake asiye navyo. Tafiti za nchi mbalimbali zinaweka hatari ya mshtuko wa moyo kwenye mara moja na nusu hadi mara mbili, hata ukishatoa mambo ya sigara na umri.

Kwa nini iwe hivyo wakati virusi havionekani? Kutoonekana kwenye kipimo sio kuisha. Virusi vinajificha ndani ya seli, dawa inavizuia kuzaliana ila haivifukui. Kingine, VVU vikiingia mwilini mapema kabisa vinashambulia kinga iliyopo kwenye ukuta wa utumbo, na ule ukuta haurudi kuwa kama zamani, kwahiyo vipande vya bakteria vinavuja kidogo kidogo kuingia kwenye damu. Kinga inabaki macho muda wote, kama mkaa uliofunikwa majivu, kwa juu huoni kitu ila chini joto lipo. Joto hilo ndo linachubua ukuta wa ndani wa mishipa ya damu mwaka hadi mwaka, mafuta yanashika pale palipochubuka, mshipa unakuwa mwembamba, siku moja yale mafuta yanapasuka damu inaganda na njia inaziba. Ikiziba kwenye moyo ni mshtuko wa moyo, ikiziba kwenye ubongo ni kiharusi. Ukiongezea presha, sukari au sigara juu yake basi safari inafupishwa.

Hapa huwa naulizwa, kwahiyo daktari hizo ARV ndo zinaharibu moyo, si bora niziache? Hapana hapana hapana. Hili lilishapimwa, kuna utafiti mkubwa uliitwa SMART, matokeo yake yalitoka 2006, kuna kundi liliendelea na dawa na kundi jingine likawa linaacha na kurudia kulingana na CD4, kipimo cha kinga ya mwili. Waliokuwa wanaacha ndo walipata zaidi vifo na magonjwa, pamoja na ya moyo. Kuacha dawa ni kuondoa yale majivu na kupuliza. Nawakumbusha tu 2011 wakati wa kikombe cha Loliondo, wapo waliokunywa wakaweka ARV kabatini wakiamini wamepona, tunajua kilichofuata. Ni kweli zipo dawa za zamani zilizosumbua, stavudine ile iliyokuwa inanyonya mashavu watu wanajulikana mtaani kwa sura, ile ilishaondolewa. Baadhi ya dawa za mstari wa pili, zile anazopewa mtu dawa za mwanzo zikishindwa, zinapandisha mafuta kwenye damu, na abacavir inahusishwa na mshtuko wa moyo kwa watu ambao tayari wana hatari kubwa. Hayo ni mazungumzo ya wewe na daktari wako wa CTC, sio sababu ya kujiamulia.

Dawa ambayo wengi wenu mnatumia sasa ni TLD, ARV tatu ndani ya kidonge kimoja kwa siku. Ni nzuri, inafubaza virusi haraka. Ila ina kitu kimoja, watu wananenepa, hasa wanawake, hili lilionekana wazi kwenye utafiti wa Afrika Kusini na wa Kameruni. Sasa hapa ndo kwenye kazi ngumu, maana kwetu kukonda ndo kulikuwa alama ya ugonjwa. Mtu aliyenyooshewa vidole mwaka 2008 akiitwa majina, leo ana kilo 92 anapita soko la Majengo watu wanamwambia mama umependeza, halafu mimi nimwambie apunguze? Ananiona adui. Mwingine kanijibu wazi, daktari nikipungua kilo tano tu mtaa mzima utaanza kuhesabu. Namuelewa kabisa na sitaki kumdharau, unyanyapaa upo. Kwahiyo huwa siongelei uzito, naongelea kiuno. Nguo zinabana tumboni? Tumbo likitangulia mbele hiyo ndo habari ya moyo na sukari, mapaja na mashavu yabaki yalivyo.

Tuje kwenye presha, maana ndo mwizi mkubwa. Utafiti uliofanyika Mwanza ulikuta kati ya watu waliotumia ARV zaidi ya miaka miwili, zaidi ya mmoja katika kila wanne walikuwa na presha ya juu, wengi kuliko wale wasio na VVU waliolinganishwa nao. Presha haiumi. Ukisubiri kichwa kiume utasubiri mpaka figo zichoke. Na kwa utaratibu wa sasa mtu aliyetulia anapewa dawa za miezi mitatu au sita, jambo zuri kwa kweli, nani anataka kupanda bodaboda kutoka Chamwino ndani ndani au Bahi kila mwezi, lakini fikiria, ukija mara mbili kwa mwaka na siku hiyo foleni ni ndefu unakimbilia dirisha la dawa, au umemtuma mdogo wako akuchukulie, basi mwaka mzima umepita bila mkono wako kuwekwa kwenye mashine. Dai kupimwa. Kaa chini dakika tano kwanza, usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta, mkono uwe mezani, usiongee. Ikifika 140 kwa 90 na kuendelea, rudi ipimwe tena siku nyingine, ikirudia ile ile hiyo ni presha, usijipe moyo kwamba ni joto la Dodoma.

Na chumvi yetu huku haipo kwenye kichupa tu. Mlenda! Najua nagusa pabaya na mimi mwenyewe ugali wa uwele na mlenda sikatai, lakini tunaweka magadi, na magadi yana sodiamu ile ile iliyopo kwenye chumvi, afu tunaongeza na chumvi juu. Mtu anakuapia hali chumvi kumbe kila jioni anakula magadi. Sijasema muache mlenda, weka magadi ncha ya kijiko au pika bila, karanga utie za kutosha. Nyama choma ya mnadani Msalato siku moja moja haiuwi mtu, shida ni ile chumvi ya kuchovea iliyomwagwa kwenye sinia na bia nne za kusindikizia. Sigara na ugoro acha moja kwa moja, hapo sina lugha ya kupunguza.

Kuna jambo linanikera zaidi ya yote, na ni hili la maumivu ya kifua kuitwa vidonda vya tumbo. Mtu wa miaka 52 anabanwa katikati ya kifua au chembe ya moyo akipanda kilima, anatoka jasho, mkono wa kushoto unakuwa mzito, taya linauma, akipumzika inaachia. Anaenda duka la dawa anapewa dawa ya maji ya tumbo na vile vidonge vya kutafuna vya gesi. Hasara mara mbili. Moyo haujatibiwa, na zile dawa za gesi zenye magineziamu au aluminiamu zikikutana tumboni na dolutegravir iliyopo kwenye TLD zinaikamata isinyonywe vizuri, mwisho wake virusi navyo vinaweza kupanda. Kama ni lazima utumie dawa za gesi, TLD imeze masaa mawili kabla ya hizo dawa za gesi au masaa sita baada yake. Kwa wanawake mshtuko wa moyo mara nyingine unakuja kama uchovu wa ghafla, kichefuchefu na pumzi kukata tu, bila kile kifua kubana. Maumivu ya namna hii yakizidi dakika chache hata umepumzika, usisubiri kupambazuke, nenda hospitali wakubandike zile waya za kifuani wapime umeme wa moyo. Hapa mjini hatuna kisingizio, Hospitali ya Benjamin Mkapa wana mtambo wa kuingia mpaka kwenye mishipa ya moyo na kuizibua, zamani mpaka upelekwe Dar es Salaam.

Sio kila moyo wa mwenye VVU unaugua kwa mafuta lakini. Kwa aliyechelewa kuanza dawa au aliyeziacha, tunaona TB iliyoingia kwenye mfuko wa moyo, maji yanajaa yanaubana, na tunaona misuli ya moyo iliyolegea. Hawa wengi ni vijana. Ultrasaundi ya moyo inaonyesha.

Kuhusu dawa za kuzuia, mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti unaoitwa REPRIEVE, watu 7,769 wenye VVU wa miaka 40 hadi 75 kutoka nchi 12, majirani zetu Uganda wakiwemo. Waliopewa pitavastatini, dawa ya kushusha kolesteroli ya jamii ya statini, walipata matatizo makubwa ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 35 kulinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa, na hao hawakuwa watu wa hatari kubwa. Kwa hiyo kama umefika 40, uliza habari ya statini, ila usinunue mwenyewe. Simvastatini, statini nyingine, ukichanganya na ARV zenye ritonavir, kama baadhi ya zile za mstari wa pili, inaweza kuyeyusha misuli na kuua figo. Amlodipini ya presha nayo inapanda kwenye damu ukiwa kwenye ritonavir, dozi inaangaliwa. Na mwenye sukari anayetumia metfomini pamoja na TLD kwa kawaida asizidi miligramu 1000 kwa siku.

Haya yote yanahitaji daktari ajue unachomeza, na hapo ndo tunakwama. Mama anafika kwangu, namuuliza mama kuna dawa nyingine unatumia, ananijibu hakuna mwanangu, kwa sababu kaja na jirani au binti hajui. Kule CTC nako hasemi habari ya vidonge vya presha maana anaona hawamuulizi. Omba kuongea na daktari peke yako, ni haki yako, binti anaweza kusubiri nje na wala hatakiwi kuelezwa sababu. Ukiona aibu kutamka, toa vidonge vyenyewe weka mezani.

Swali la mwisho ninalopata ni la hela, ARV bure presha nanunua, nitaweza? Ni kero ya kweli. Kuna utafiti ulifanyika vituo 32 Tanzania na Uganda, VVU, presha na sukari vikatibiwa kliniki moja, foleni moja, na ufubazaji wa virusi haukuharibika, kwahiyo njia ya kuwaunganisha inajulikana. Wakati tunasubiri ifike kila kituo, mwambie daktari mapema kwamba huna uwezo, akuandikie dawa ya kawaida isiyo na jina kubwa, amlodipini au ile ya kukojoza maji ni za bei ndogo, mwenye bima atumie bima. Usigawane vidonge na mumeo mwenye presha, usimeze siku kichwa kinapouma tu, na presha ikishuka usiache maana imeshuka kwa sababu unameza.