Je, wajua kwa nini Linux inaweza kuwaka bila madirisha?

Tuseme kijana mwenye steshenari pale Mwanjelwa, Mbeya, amechoshwa na Windows inayojikokota kwenye kompyuta yake ya mtumba yenye RAM ya GB 2. Anapakua Debian, toleo mojawapo la Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows), anaiweka kwenye flashi, na jioni wateja wakiisha anaipiga. Kompyuta inazima, inawaka, kisha inatulia kwenye skrini nyeusi: mstari mmoja wa maandishi meupe, neno "login:" na kistari kinachopepesa. Hakuna mshale wa mausi, hakuna folda. Wengi wakifika hapo huilaumu flashi, wakarudisha Windows yao.

Flashi haina kosa, na kompyuta imewaka vizuri kabisa. Kilichokosekana ni programu za madirisha, ambazo kwenye Linux na ndugu zake kama FreeBSD si sehemu ya mfumo wenyewe. Huongezwa juu yake, kama unavyoongeza programu ya kusikilizia muziki.

Mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo. Unix, mama wa mifumo hii yote, ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs nchini Marekani, na watu waliitumia kwa kuandika amri kwenye mashine zilizochapa majibu kwenye karatasi. Skrini yenye madirisha haikuwa sehemu yake. Ilipofika 1984, chuo cha MIT kilikuwa na mradi ulioitwa Athena, wenye kompyuta za kampuni mbili, DEC na IBM, ambazo hazikuelewana. Bob Scheifler na Jim Gettys wakaanzisha hapo mfumo wa madirisha, wakauita X. Ulitakiwa ukubali mashine yoyote, hata programu iwe inaendeshwa kwenye kompyuta ya chumba cha pili na dirisha lake lionekane kwenye skrini yako kupitia mtandao.

Ndiyo maana waliamua X isijihusishe na sura. Inachora unachoiambia, inapokea mibonyezo ya kibodi na mausi, basi. Dirisha liwe na fremu gani, kitufe cha kufunga kikae upande upi, menyu ifunguke wapi: hayo yote waliwaachia wengine. Ni kama malori yanayoelekea Tunduma: chasisi na injini hutoka kiwandani, bodi inajengwa kufuatana na mzigo.

Ukitaka kuiona chasisi ikiwa tupu, sakinisha X peke yake kwenye FreeBSD, uandike startx. Kwa kawaida utapata saa ya mduara pembeni na madirisha machache ya kuandikia amri, yakisimamiwa na programu kongwe iitwayo twm. Fremu zake hazina hata kitufe cha kufunga dirisha. Inafanya kazi, lakini mteja wa steshenari akiiona atauliza kama mashine imeharibika.

Bodi, yaani mazingira kamili ya madirisha yanayokaa juu ya X, zilianza kujengwa kwa wingi katika miaka ya tisini. Mwaka 1996 Mjerumani Matthias Ettrich alianzisha KDE, na mwaka huohuo Olivier Fourdan akaanza Xfce. Mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena wa Meksiko wakaja na GNOME. Hata X yenyewe sasa ina mrithi, Wayland, aliyeanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, na GNOME na KDE za siku hizi humtumia zaidi yeye.

Turudi Mwanjelwa. Faili dogo la Debian liitwalo netinst lina mfumo wa msingi tu. Madirisha hupakuliwa wakati wa kusakinisha. Bando likikata au Wi-Fi isipotambuliwa, kazi inaweza kumalizika bila madirisha. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023 tatizo la Wi-Fi limepungua, kwa kuwa faili za vifaa vingi zimewekwa ndani ya kisakinishi. Njia ninayoiamini zaidi ni kuchomeka simu kwa waya wa USB na kuwasha ugavi wa intaneti (tethering) kwenye simu: mara nyingi kompyuta huiona kama waya wa mtandao.

Intaneti ikishapatikana, ingia kama root (akaunti ya msimamizi wa kompyuta), uandike:

apt update
apt install task-xfce-desktop

Kama amri ya pili inadai haijui kitu hicho, fungua faili la /etc/apt/sources.list. Ulisakinisha bila mtandao, kwa hiyo kompyuta haijaelekezwa pa kuchukulia programu. Kwa Debian 13, ongeza mstari huu, kisha rudia amri zote mbili:

deb http://deb.debian.org/debian trixie main non-free-firmware

Amri hiyo ya pili huleta X, Xfce na LightDM, ambayo ni ile skrini ya kuandikia jina na nywila. Upakuaji ni mkubwa, usiuanze na bando la kuungaunga. Ukimaliza, andika reboot.

Kwa nini nimetaja Xfce na si GNOME? Kwa sababu ya RAM. Ubuntu 24.04, toleo jingine la Linux linalokuja na GNOME, ilipendekeza angalau GB 4; kwenye GB 2 utafungua kivinjari na kompyuta itaanza kuhema. Xfce, na bodi nyingine iitwayo LXQt, ni nyepesi. Unaweza hata kusakinisha zote mbili na kuchagua ya leo kwenye skrini ya kuingilia.

Mpangilio huu hukuokoa zaidi siku mambo yakiharibika. Skrini ikiganda mteja anasubiri CV yake, usikimbilie kuzima umeme. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja: mara nyingi ile skrini nyeusi yenye "login:" itarudi, maana mfumo ulio chini bado uko hai. Ingia kama root, andika systemctl restart lightdm, na madirisha yataanza upya, ingawa kazi ambayo haikuhifadhiwa itapotea. Yakigoma, fungua /var/log/Xorg.0.log utafute mistari yenye herufi EE. Humo ndimo X huandika kilichoishinda, na mara nyingi ni kiendeshi (driver) cha kadi ya picha.