Washa Flashi Juani, Izime Ukumbini

Kamera ndogo za dijitali ninazoletewa na wanafunzi wangu, pamoja na malalamiko kwamba hazitoi picha nzuri, karibu zote huja gurudumu la modi likiwa limeelekezwa kwenye AUTO, na mara nyingi mwenye kamera hajawahi kulisogeza tangu aitoe kwenye boksi. Modi hiyo sina ugomvi nayo, na nikiwa na haraka, mchana na nje, hata mimi huitumia. Inaponiudhi ni kwenye flashi, kwa sababu kamera hujiamulia yenyewe kama iiwashe au isiiwashe, na hutazama jambo moja tu, yaani kama mwanga unatosha. Mpiga picha hutazama kwanza umbali wa anayempiga na upande ambao mwanga unamjia.

Tuanze na umbali. Taa ya flashi ya kamera hizi ina ukubwa wa ukucha, na katika kamera nyingi mwanga wake hufika mita 3 au 4 hivi lenzi ikiwa haijavutwa. Zaidi ya hapo hufifia haraka mno, kwa kuwa mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: aliyesimama mita 4 hupata robo ya mwanga anaoupata aliyesimama mita 2, na aliye mita 8 hupata sehemu moja ya kumi na sita. Ukivuta zumu unazidi kujipunja, kwani tundu la lenzi husinyaa kadiri unavyovuta, tuseme kutoka f/2.8 hadi f/5.9 (namba ya f ikipanda, tundu ni dogo zaidi), na tundu la f/5.9 hupitisha chini ya robo ya mwanga unaopita kwenye f/2.8.

Ndiyo maana picha ya jukwaani inayopigwa kutoka safu za nyuma kwa modi ya otomatiki huonyesha visogo vya waliokaa mbele vikiwa vyeupe kama vimemwagiwa unga, na jukwaa lenyewe likiwa giza. Flashi imewaka, imewafikia walio karibu, na kamera imefunga shata, yaani kilango kinachoruhusu mwanga kuingia, mapema ikiamini kazi imekwisha. Katika ukumbi wa namna hiyo ninaizima flashi kabisa, ninapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 800 au 1600, ninaacha lenzi bila kuivuta, na ninaegemeza viwiko kwenye kiti kilicho mbele yangu. Picha itakuwa na chembechembe, lakini mwimbaji ataonekana.

Juani mambo hugeuka. Jua la utosini hutia kivuli kwenye soketi za macho na chini ya pua, na anayepigwa akiwa amevaa kofia pana ndiyo kabisa. Kamera ya otomatiki huona mwanga tele na kukataa kuwasha flashi, ilhali hapo ndipo inapohitajika. Bonyeza kitufe chenye alama ya radi mpaka ibaki radi peke yake, bila herufi A pembeni, na flashi italazimika kuwaka kila unapopiga. Hivi karibuni nilimpiga mwanafunzi mmoja mara mbili akiwa mita moja na nusu kutoka kwangu, kofia ikimfunika mpaka nyusi. Katika picha ya kwanza alikuwa na kidevu na mdomo tu, na sehemu ya juu ya uso ilikuwa doa jeusi. Katika ya pili, nyuma yake hapakubadilika hata kidogo, ila macho yalionekana na kila mboni ilikuwa na kinukta cheupe cha mwanga, kile kinachofanya jicho lionekane hai. Dawa hiyohiyo humfaa mtu aliyelipa mgongo dirisha.

Hapa kamera ndogo ina faida ambayo wenye kamera kubwa huionea wivu, ingawa si wengi watakaokiri. Kamera kubwa za kubadilisha lenzi kwa kawaida hutumia shata ya mapazia mawili, na flashi ya kawaida hupatana nayo mpaka kasi ya 1/200 au 1/250 ya sekunde tu. Kamera ndogo nyingi zina shata ndani ya lenzi yenyewe, kwa hiyo flashi huweza kuwaka sawasawa hata kwenye 1/500 au zaidi, kasi ambazo jua kali huzihitaji.

Usiku ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi darasani, kwa sababu picha ya mtu usiku hupigwa kwa mianga miwili isiyofuata kanuni moja. Mwanga wa flashi ni ndoo ya maji inayomwagwa kwa mkupuo, huisha ndani ya muda ambao kwa kawaida ni mfupi kuliko 1/1000 ya sekunde, na shata ikikaa wazi kwa muda mrefu au mfupi haiongezi wala kupunguza kilichomwagwa. Mwanga wa taa za mji, wa mishumaa au wa anga la magharibi ni bomba linalotiririka taratibu, na kadiri shata inavyokaa wazi ndivyo unavyojaa. AUTO hufunga shata baada ya 1/60 hivi ili mkono usiitikise picha. Ndoo imemwagwa, bomba halijapata nafasi, na mtu wako anatokea amebandikwa kwenye ukuta mweusi.

Modi ya picha ya mtu usiku, ambayo aghalabu huchorwa mtu na nyota au mwezi juu yake, huwasha flashi na kuiacha shata wazi kwa nusu sekunde au hata sekunde nzima. Uso unapata ndoo, taa za nyuma zinapata bomba. Usiichanganye na modi ya mandhari ya usiku, isiyo na mtu kwenye alama yake, kwa kuwa hiyo huzima flashi. Weka kamera kwenye stendi au juu ya ukuta, tumia taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise, kisha mwambie unayempiga asijongee mpaka umruhusu. Watu huamini kwamba flashi ikishawaka picha imekwisha, na hugeuka kuondoka shata ikiwa bado wazi, hivyo taa za nyuma zinapenya kifuani mwao na wanatokea kama mizuka. Kama kamera yako haina modi hiyo, tafuta flashi ya polepole kwenye menyu ya flashi ukiwa katika modi ya P, yaani herufi P kwenye gurudumu la modi.

Modi ya P ndiyo ninayowashauri wengi wahamie. Kamera huendelea kuchagua tundu na kasi, lakini flashi, ISO na kiwango cha mwangaza vinarudi mikononi mwako. Hili lina maana hasa kwa mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa nguo nyeupe: kamera hupimia weupe wa nguo, hupunguza flashi, na uso unabaki gizani. Ongeza nguvu ya flashi hadi +2/3 au +1 kama menyu inaruhusu, au msogelee mpaka uso ujaze sehemu kubwa ya fremu.

Alama ya ua, ile ya kupiga vitu vya karibu sana, hubadilisha umbali wa kulenga tu, na kwa kitu kilicho sentimita 5 kutoka kwenye lenzi flashi huunguza upande mmoja na kutupa kivuli cha lenzi upande wa pili, basi izime. Macho mekundu hutokana na flashi kukaa karibu mno na lenzi, hivyo mwanga hupita kwenye mboni iliyopanuka, hugonga nyuma ya jicho penye damu nyingi na kurudi moja kwa moja. Taa ya kuyapunguza huifinya mboni, lakini huchelewesha picha na tabasamu huwa limeshapoa. Mimi huwasha taa zote za chumbani, nikamwomba mtu atazame kando kidogo ya lenzi.

Na kabla ya kuilaumu modi yoyote, tazama kidole cha mkono wa kushoto kimekaa wapi. Kwenye kamera nyingi hizi ndicho kinachoiziba flashi.